Kungoja Neno la Madam

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi ya ukurugenzi leo. Kaimu, si mkurugenzi kamili. Bwana Ochoki, mkuu wetu aliye Nairobi, alilivuta neno hilo kwenye simu ili nisilisahau. "Wewe ni kaimu, Orpah. Tuone masika haya utayamaliza vipi. Mvua ikikatika tutazungumza habari ya cheo chenyewe."

Kampuni yetu inaitwa Fikisha. Mama akishikwa na uchungu huko vilimani, au mzee akizidiwa, watu wake hupiga nambari yetu nasi tunatuma gari lililo karibu limkimbize hospitali. Ofisi iko mjini Kisii, magari yametawanyika Kisii na Nyamira. Miaka yote hii nilikuwa meneja mwandamizi wa bidhaa, jina refu la mtu anayehakikisha kwamba kile tunachowauzia watu kinafanya kazi. Ramani iliyoko kwenye skrini za chumba cha simu, ile inayoonyesha kila gari lilipo, ni kazi ya mikono yangu. Naijua kama ninavyoijua sura yangu.

Mkuu wa chumba cha simu ni Beverlyne. Tuliajiriwa mwaka mmoja, tumekula sahani moja. Leo kaniletea chai, akasema, "Hongera, Madam." Nikacheka, nikamwambia aache mambo hayo. Akacheka pia, lakini lile neno hakuliondoa.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza ni cha ripoti na Ekegusii ni cha Mama. Hapa sitaki kuripoti wala kuonewa huruma.

Ijumaa, 7 Machi

Wiki nzima ya mikutano, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza jambo ninalolijua. Wanataka kujua tutakuwa wapi miaka ijayo, nani apandishwe, nani aondoke, kwa nini Nyamira inakwenda polepole. Najibu, na huku najisikia nikijibu, kama mtu aliyevaa koti la kuazima.

Beverlyne alipotoka kwenda kula, niliingia chumba cha simu nikakaa kwenye kiti chake. Mtu alipiga kutoka Nyakoe, mkewe kazidiwa. Nilimpangia gari kabla hajamaliza kueleza nyumba iko upande gani wa soko. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu Jumatatu. Nikapokea simu nyingine, na nyingine.

Beverlyne aliporudi alisimama mlangoni mpaka nikamaliza. Wasichana wa simu walikuwa wananitazama mimi, si yeye.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu adhuhuri. Hakuna jipya.

Alhamisi, 13 Machi

Tumepoteza gari. Josiah, dereva wetu wa upande wa Nyacheki, alikuwa anarudi tupu kutoka kumshusha mgonjwa, tope likamvuta, gari likabingirika ndani ya shamba la chai la mtu. Yeye ametoka na mikwaruzo tu. Gari halifai tena.

Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Josiah, kisha nikampigia Bwana Ochoki. Akasema: "Mkurugenzi anajua magari yake yako kwenye barabara gani, Orpah. Hiyo ndiyo tofauti." Akakata simu.

Basi nimejua la kufanya, na nimelifanya kabla ya jua kuzama. Nimefungua ramani, nikazipaka nyekundu barabara zote za udongo zinazoshuka mabondeni. Amri: mvua ikinyesha, hakuna gari litakaloingia barabara nyekundu bila neno langu.

Beverlyne aliisoma akiwa amesimama. "Na usipopatikana?"

"Nitapatikana."

"Siku zote?"

"Siku zote, Beverlyne."

Alirudi chumbani kwake. Nilijisikia mkurugenzi kwa mara ya kwanza.

Jumanne, 18 Machi

Simu imeita nikiwa naoga. Nyekundu ya Nyamira. Nikasema ndiyo. Imeita nikiwa na watu wa wizara, nikatoka, nikasema hapana, zungukeni. Imeita nikiwa natafuna. Ndiyo. Hapana. Ndiyo.

Jumatatu, 24 Machi

Leo Beverlyne kaniuliza kama gari linaweza kupita barabara ya lami. Ya lami! Nilimjibu kwa ukali. Akasema, "Nilidhani unataka kujua, Madam." Sikuelewa kama ni dharau au anasema kweli. Usoni hakuwa na chochote.

Jumamosi, 29 Machi

Nilikwenda Birongo kwa Mama, ni Sabato. Nilitoka kanisani kupokea simu mara nyingi mpaka mzee wa kanisa akaniachia mlango wazi. Mama alikuwa anatazama chini. Tulipokuwa tunakula alisema, "Watu wanauliza kama una mgonjwa." Nikamwambia ninao, Kisii nzima. Alinitilia mboga ya chinsaga tena kwenye sahani.

Sina gari lililoanguka tangu amri ile. Bwana Ochoki kaandika: "Kazi nzuri." Silali vizuri, lakini kaandika hivyo.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua ya mawe. Majani ya chai yamechanika kama yamepigwa fimbo.

Jumamosi, 5 Aprili

Siwezi.

Jumapili, 6 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu, kama nilivyoyapata kwa Beverlyne na kwa Josiah, kwa sababu mimi sikuwapo.

Jana ilikuwa Sabato ya meza ya Bwana. Kabla ya mkate tunatawadhana miguu, wanawake upande wao, wanaume upande wao. Mama alikuwa amebeba beseni na taulo nyeupe kutoka nyumbani. Alinishika mkono akaniambia, "Leo tu, mwanangu. Zima hiyo simu nikuoshe miguu." Mama yangu ana magoti mabaya. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Nikaizima.

Baada ya hapo ningeweza kuiwasha. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata mhubiri hasikiki. Nilikaa pale miguu yangu ikiwa safi, hakuna aliyekuwa ananitaka, nikasema moyoni, kidogo tu. Niliiacha imezimwa mpaka ibada ikaisha.

Wakati huo huo mwanamume aitwaye Onyiego alikuwa amepiga simu kutoka bondeni, chini ya Nyacheki. Mkewe Gesare alikuwa na uchungu, na mambo hayakuwa yanakwenda sawa. Josiah alikuwa sokoni Nyacheki na gari lake jipya. Kutoka pale alipoegesha unauona mlima wa kushukia bondeni kwao. Barabara ya kwao ni nyekundu.

Josiah akasema, "Nimeipita asubuhi. Inapitika. Niteremke?"

Beverlyne akasema, "Ngoja neno la Madam."

Alinipigia. Akanipigia tena. Alimpigia mpaka jirani yangu wa Kisii, akapiga nyumba ya wageni ninakokutana na watu wa kazi. Nambari ya Mama hakuwa nayo. Josiah akauliza tena, akajibiwa vile vile, ngoja neno la Madam. Kule bondeni Onyiego na majirani walichoka kungoja. Walifunga blanketi kwenye miti miwili, wakamlaza Gesare, wakaanza kupanda naye mlima kwenye tope.

Mwisho Josiah aliwasha gari bila neno la mtu. Aliwakuta kwenye kibanda cha kupimia chai. Gesare alikuwa amekwisha jifungua, juu ya sakafu ile wanayomwagia majani. Mtoto wa kike. Hakulia. Mwanamke mmoja alikuwa amemfunga kwenye leso na kumpumulia mdomoni, na bado alikuwa anampumulia Josiah alipofika.

Gesare alipelekwa hospitali, yuko hai. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Daktari hakumwambia Josiah kwamba gari lingewahi angepona. Alisema angekuwa na nafasi.

Nilipowasha simu nje ya kanisa, jina la Beverlyne lilijaa kioo chote. Mama alikuwa anasalimiana na watu, beseni mkononi. Aliniona nilivyokaa kwenye majani mabichi na nguo ya Sabato.

Jumatatu, 7 Aprili

Kuna mtu wa Nairobi aliyempigia Onyiego kumpa pole. Kamwambia kwamba saa ile magari yetu yote yalikuwa na wagonjwa. Nilipouliza ni nani aliyetoa maneno hayo, niliambiwa ni Bwana Ochoki.

Beverlyne kaja kazini. Hajanitazama. Wasichana wa simu wanaongea kwa kunong'ona, hata na wagonjwa.

Jumanne, 8 Aprili

Nimefuta barua ya kuacha kazi, nimeiandika tena, nimeifuta.

Jumatano, 9 Aprili

Bwana Ochoki amekuja. Tulikaa ofisini kwangu, mlango umefungwa. Si mtu katili, hilo lazima niliandike. Alinipa pole, akaniuliza kama nakula. Kisha akasema Beverlyne aondoke.

Nikamwambia amri ilikuwa yangu.

"Amri ilikuwa nzuri. Amri ni amri, dharura ni dharura. Mtu mzima anazijua zote mbili. Yeye alikaa na simu mkononi, gari liko karibu, mama anakufa. Tukimwacha, tunasema hakuna aliyekosea."

"Aliyekosea yupo."

"Orpah." Alisogeza kiti. "Wewe ulikuwa mtu mzuri sana wa bidhaa. Kitu kikiharibika unakitengeneza. Huku juu watu ndio wanaharibika, na kuna wengine hawatengenezeki. Mkurugenzi hujifunza kukata. Bodi inakutana mwezi ujao, na nataka niwaambie umejifunza."

Nilimwambia nitafikiri.

Nilisema hivyo. Naliandika ili nisije nikasema sikulisema. Mtoto amezikwa jana nyuma ya nyumba ya baba yake, na mimi nilikaa kwenye kiti nikasema nitafikiri.

Alhamisi, 10 Aprili

Nafikiri.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Simu ya nyekundu imeita mara kadha. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sasa nasema ndiyo kwa kila kitu bila hata kuitazama ramani, na bado wananiuliza.

Jumamosi, 12 Aprili

Birongo. Mama hakwenda kanisani. Amekaa jikoni, moto umezimika, ile taulo nyeupe ameitumbukiza majivuni. "Ni mimi niliyekwambia uzime," alisema. "Mtoto wa watu. Kwa sababu ya kuosha miguu."

Nilikuwa nimekwenda kwake ili nilie. Badala yake nilikaa mchana kutwa nikimwambia: si wewe, Mama, si wewe. Aliniuliza, "Kama si mimi, ni nani?" Nikamwambia. Nilimweleza amri yote, na kwa nini niliiweka, na jinsi ilivyonifurahisha kila waliponiuliza. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu hilo la mwisho. Hata mwenyewe sikuwa nimejiambia.

Hakunifariji. Aliwasha moto upya, akapika uji wa wimbi, akanipa kikombe.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekwenda Nyacheki. Josiah alinichukua kwenye lami, tukateremka barabara ile ile. Inapitika. Kulikuwa na mahali pawili pabaya tu, alipita kwa gia ndogo bila hata kunyamaza.

Onyiego alikuwa anaongoza ng'ombe kwenye zizi. Kijana bado, mwembamba, suruali imekunjwa hadi magotini. Alimtambua Josiah, akampa mkono kwa muda mrefu. Mimi alinitazama nguo.

"Ni mkubwa wetu wa kazi," Josiah akasema.

"Karibu, Mama. Pole ya safari."

Yeye ananipa mimi pole. Nilisahau yote niliyokuwa nimeyapanga njiani. Nilisema pale pale kwenye mvua nyepesi, "Nimekuja kuwaambia kitu ambacho hamkuambiwa."

Alinipeleka sebuleni. Gesare alikuwa amelala kwenye kiti kirefu, shuka mpaka kidevuni. Hakuinuka, wala sikutaka ainuke. Nilimpa pole, akaipokea kwa macho.

"Ile siku," nikasema, "mliambiwa magari yote yalikuwa na wagonjwa. Si kweli."

Onyiego alikuwa anataka kukaa. Hakukaa.

"Gari ilikuwa wapi?" Gesare akauliza.

"Sokoni."

"Soko gani?"

"Hapa. Nyacheki."

Mvua ilisikika juu ya mabati. Josiah alitoka nje.

"Dereva alitaka kuja," nikaendelea. "Msichana wa simu alimwambia angoje, kwa sababu mimi niliamuru wangoje. Mimi ndiye wa kusema ndiyo au hapana, na siku hiyo nilikuwa nimezima simu. Si dereva, si msichana. Ni mimi. Mkitaka kwenda kwa wakili, mkitaka kwenda polisi, nitasema haya haya."

Onyiego alitoka kwa mlango wa nyuma, na baada ya kidogo nikasikia shoka. Alikuwa anapasua kuni kwenye mvua.

Gesare alinitazama. Hakuwa na hasira. Ningeshukuru angekuwa nayo.

"Kwa nini umekuja kuniambia?" alisema. "Nilikuwa nimeambiwa ni Mungu. Nilikuwa nimeanza kulala."

Nilirudi nyuma mpaka mlangoni.

"Nenda, Mama," akasema, kwa adabu kabisa. "Nenda nyumbani."

Jumatatu, 14 Aprili

Nimempigia Bwana Ochoki kabla hajasikia kwa mwingine. Nimemwambia nilikokwenda na nilichosema. "Umetuuza sisi sote ili moyo wako upoe," akasema. Nilimwambia moyo haukupoa. Nikamwambia pia kwamba Beverlyne haondoki, na kama mtu lazima aondoke, jina langu analo. Akasema bodi ndiyo itakayoamua habari yangu.

Kisha nikaingia chumba cha simu, nikawaomba wasichana watupishe, nikabaki na Beverlyne. Nilianza kumwomba msamaha. Alinyanyua mkono.

"Daraja lilipobebwa na maji masika yale mengine, nani aliamua magari yapite wapi?"

"Wewe."

"Ulipigiwa?"

"Hapana. Nilisikia kesho yake."

"Nilikuwa naamua, Orpah. Kila siku nilikuwa naamua. Ukaja ukakalia kiti changu nikiwa nimekwenda kula. Ukachukua simu mkononi mwangu mbele ya wasichana wangu. Ukaniambia niulize, nikauliza. Nikauliza mpaka habari ya lami, nione kama utashtuka. Hukushtuka, ulikasirika tu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Siku ile nilikuwa na akili zangu zote. Nilijua Josiah anasema kweli. Nilijua kila kitu. Nikaogopa. Sikumwogopa Mungu, nilikuogopa wewe. Sasa mimi nitaishi vipi na hiyo?"

Alikuwa ameniita Orpah, na ilikuwa afadhali angeniita Madam.

Baadaye nikafungua ramani mbele yake, nikaifuta nyekundu yote. Nimesema hivi: anayepokea simu na anayeshika usukani ndio watakaoamua, wao kwa wao. Wasiniulize. Gari likipotea, nitajibu mimi. Mtu akipotea, nitajibu mimi.

"Utaweza kukaa bila kuuliza?" akasema.

"Sijui."

"Mimi pia sijui kama nitaweza tena."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimelala siku nzima.

Alhamisi, 24 Aprili

Simu yangu haiiti. Nimeitazama kiasi cha kuichosha betri. Mara mbili nimefika mpaka mlango wa chumba cha simu, nikageuka kama mtu aliyepotea njia ya msalani.

Sasa najua kwamba sikuwahi kuwa na kazi nyingine. Nikiondolewa ile ya kuulizwa, nabaki na nini? Nimekaa na madereva wa Nyamira asubuhi yote, nikawauliza kwa nini huko tunakwenda polepole. Hawakuniamini kwamba nauliza kweli. Mwishoni mmoja akasema ni kwa sababu wanaogopa kupiga simu ofisini. Wakacheka. Nami nikaandika.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Nilikuwa kwenye chumba cha simu kwa jambo jingine ilipoingia: mama mwenye mimba ya mapacha, upande wa Nyamira, damu inatoka. Beverlyne aliitazama skrini. Nilimwona anageuza shingo kidogo upande wangu, kwa mazoea. Niligeukia dirisha.

Alimwambia dereva apite njia ya mgongo wa mlima, ile ndefu. Mimi ningempitisha chini. Nilikuwa na hakika, na maneno yalikuwa yamekwisha fika kwenye meno. Nilitoka. Nilisimama kwenye ukumbi nikiwa nimeuma mkono wa sweta, na mtu wa usafi akaniuliza kama nimefiwa.

Gari lilikwama kule juu. Wanaume wa kanisa fulani walitoka wakalisukuma. Mama alifika, mapacha wamezaliwa, mmoja amewekwa kwenye mashine ya joto, wanasema atakaa vizuri.

Ningempitisha chini angefika mapema, au asingefika. Sijui. Sitajua kamwe, na hiyo ndiyo kazi niliyoiomba.

Beverlyne alinifuata ukumbini, macho mekundu. Hatukukumbatiana. Alisema, "Nimeamua," akarudi ndani.

Alhamisi, 8 Mei

Gari jingine mtaroni, upande wa Birongo. Hakuna aliyeumia. Nilimpigia Bwana Ochoki.

"Nani aliamua lipite pale?"

"Dereva na chumba cha simu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu. Niliwapa wote, tangu mwezi uliopita."

"Utalisema hilo mbele ya bodi?"

Nilimwambia nitalisema.

Jumatano, 14 Mei

Bado nasikia yale maneno ya Gesare. Nilikuwa nimeanza kulala.

Ijumaa, 23 Mei

Bodi imekuja Kisii. Mwenyekiti ni Mama Tryphosa, aliyekuwa mkunga maisha yake yote kabla ya kustaafu. Alikuwa amekaa na madereva na wasichana wa simu tangu asubuhi, kila mmoja peke yake, na sijui walimwambia nini. Bwana Ochoki alieleza upande wake bila kunitukana. Alisema nimeiweka kampuni kwenye hatari ya mahakama, na ni kweli.

Mama Tryphosa akaniuliza, "Tukikupa cheo hiki, kesho utafanya nini?"

Nilikuwa nimeandaa mambo mengi, ya mwelekeo na ya miaka ijayo. Nikasema, "Nitaweka gari lilale Nyacheki masika yote. Kule bondeni kwenyewe, si sokoni."

"Na bodi ikikataa?"

"Basi cheo mpeni mtu mwingine, lakini gari mliache."

Mtu mmoja alikohoa. Mama Tryphosa aliandika kitu, akasema niwapishe.

Jumatatu, 26 Mei

Nimethibitishwa. Mkurugenzi wa kanda. Bwana Ochoki alituma ujumbe wa maneno mawili, nikaujibu kwa maneno mawili. Nilimpigia Mama. Aliuliza kama yule mwanamke wa Nyacheki amepata nguvu. Nikasema sijui.

Beverlyne aligonga mlango. "Hongera," akasema. Aliacha nafasi mwishoni, na hakuijaza kwa Madam wala kwa Orpah.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imepungua, inanyesha kwa kupumzika. Nimekwenda Nyacheki kuona gari linapolala. Josiah ameliegesha karibu na kile kibanda cha kupimia chai, kwa sababu ndipo penye mwamba chini. Nilitaka kumwambia alisogeze mahali pengine, popote. Ni uamuzi wake. Nikanyamaza.

Tulikuwa tumesimama pale wanawake walipoanza kupanda na vikapu vya majani. Gesare alikuwa wa nyuma. Amekonda. Nilimsalimia kwa Ekegusii, kwa heshima anayosalimiwa nayo mtu mkubwa. Alinipita kama anavyopita nguzo. Aliweka kikapu kwenye mzani, akangoja, akakitoa.

Aliporudi alisimama kwa Josiah. "Bibi yake Mose amefika hospitali?"

"Alifika jana mchana. Mtoto wa kiume. Wako sawa wote wawili."

Alitikisa kichwa. Aliliangalia gari, mlango wa nyuma, kitanda kilichomo ndani, aliangalia kila kitu bila haraka. Kisha akashika njia ya bondeni na kikapu chake kitupu. Kwangu hakugeuka.

Nilimwuliza Josiah ni nani huyo bibi yake Mose.

"Ni jirani yao. Uchungu ulimshika akichuma chai, na mumewe hakuwapo." Alifuta kioo kwa mkono wa koti. "Gesare ndiye aliyetupigia simu."